Kalamu na Kiti cha Kocha



Leo nataka tuzungumze juu ya mchezo ambao wengi wetu tunauona kwa mbali, katika sinema au katika televisheni usiku wa manane, yaani futiboli ya Wamarekani. Hii si kandanda. Mpira wenyewe una umbo la yai, hushikwa kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu na kinga za mabega kama watu waendao vitani. Ndani ya mchezo huo nataka tutazame upande mmoja tu, ule wa vijana wa vyuo vikuu, na hasa mambo mawili ambayo huko Marekani hayatengani: kuwekwa na kuondolewa kwa makocha, na kalamu za waandishi wa habari za michezo.

Mimi ni shabiki wa mchezo huu, wala si mtaalamu wake. Swali langu ni la shabiki. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Novemba, vyuo vikuu vya Marekani huingia katika pilikapilika za makocha. Huyu kamwaga unga, yule kahamia kwa jirani, wa tatu anasema haendi popote na kesho yake yumo ndani ya ndege. Magazeti huandika kwamba chuo kimeamua. Lakini chuo ni majengo na vitabu, hakiamui kitu. Je, ni nani hasa anayemketisha kocha kitini, na ni nani anayemtoa? Wengi watajibu kwamba ni ushindi na kushindwa. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ni kalamu, na hiyo ndiyo habari ya leo.

Kwanza tupime ukubwa wa jambo, maana bila kipimo mtu anaweza kudhani tunazungumzia michezo ya shule. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, katika mji wa Ann Arbor, unachukua watu zaidi ya 100,000. Vivyo hivyo viwanja vya Ohio State na Penn State. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote si gavana, wala jaji, wala daktari bingwa. Ni kocha wa futiboli, au wa mpira wa kikapu, wa chuo kikuu cha jimbo. Mwezi Novemba 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimwondoa kocha wake, Jimbo Fisher, na mkataba ukakitaka chuo kimlipe zaidi ya dola milioni 75 ili asifanye kazi. Narudia, ndugu msikilizaji: ili asifanye kazi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mchezo unaohesabiwa kuwa wa kwanza kati ya vyuo ulichezwa tarehe 6 Novemba 1869 katika mji wa New Brunswick, jimbo la New Jersey, kati ya Rutgers na Princeton. Kila upande ulikuwa na wachezaji 25, na Rutgers walishinda 6 kwa 4. Kocha hakuwapo. Wanafunzi walijipanga wenyewe, na kwa miaka mingi baadaye nahodha ndiye aliyekuwa na sauti. Kocha wa kulipwa alikuja polepole. Kocha wa kuabudiwa alikuja pamoja na magazeti.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Chuo Kikuu cha Notre Dame, karibu na mji mdogo wa South Bend, jimbo la Indiana. Kilianzishwa mwaka 1842 na padri Mfaransa, Edward Sorin. Ni chuo cha Kikatoliki, katika nchi ambayo Waprotestanti walikuwa wengi, na Wakatoliki, hasa wahamiaji kutoka Ireland, Italia na Poland, walitazamwa kwa jicho la dharau. Mwaka 1918 timu ya chuo hicho ilikabidhiwa kwa Knute Rockne, mzaliwa wa Voss huko Norway, aliyepelekwa Chicago angali mtoto. Hadi mwisho wa msimu wa 1930 alikuwa ameshinda mechi 105, amepoteza 12 na kutoka sare mara 5.

Hesabu hiyo ni kubwa, lakini Rockne alijua jambo ambalo makocha wenzake walichelewa kulijua. Alijua kwamba mechi huchezwa mara mbili, mara ya kwanza uwanjani siku ya Jumamosi, na mara ya pili gazetini siku ya Jumapili.

Tarehe 18 Oktoba 1924 Notre Dame ilicheza na Army, timu ya chuo cha maofisa wa jeshi, katika uwanja wa Polo Grounds, New York. Notre Dame ilishinda 13 kwa 7. Juu kulikuwa na mwandishi Grantland Rice wa gazeti la New York Herald Tribune. Katika ripoti yake aliwafananisha vijana wanne wa safu ya nyuma ya Notre Dame, yaani Harry Stuhldreher, Jim Crowley, Don Miller na Elmer Layden, na wale wapanda farasi wanne wa Kitabu cha Ufunuo. Mechi yenyewe ilikuwa na tofauti ya pointi 6 tu, lakini aliyesoma gazeti bila kuwapo uwanjani angedhani siku ya kiyama ilikuwa imeanzia New York.

Wala mambo hayakuishia hapo. Rockne alikuwa na mwanafunzi aliyeshughulikia habari na matangazo ya timu, George Strickler. Timu iliporudi South Bend, Strickler alitafuta farasi wanne, akawapandisha vijana wale wakiwa na mavazi yao ya mchezo, akaita mpiga picha. Picha hiyo ikasambaa Marekani nzima. Neno la mwandishi likawa picha, picha ikawa fedha za kiingilio. Strickler mwenyewe, baada ya miaka mingi, akawa mhariri wa michezo wa gazeti kubwa la Chicago Tribune. Mnaona jinsi njia ilivyokuwa fupi kutoka ofisi ya kocha hadi meza ya mhariri.

Na kulikuwa na njia fupi zaidi ya hiyo. Walter Eckersall, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa University of Chicago, alikuwa mwandishi wa michezo wa Chicago Tribune na papo hapo akawa mwamuzi wa mechi za vyuo, zikiwamo za Notre Dame. Alikuwa akipuliza filimbi uwanjani, akilipwa kwa kazi hiyo, kisha akiiandika mechi ileile gazetini. Siku hizo watu hawakuliona kuwa jambo la ajabu. Rockne naye alikuwa na makala zake zilizouzwa kwa magazeti mbalimbali. Basi kocha ni mwandishi, mwandishi ni mwamuzi, na mwanafunzi wa kocha ni mhariri wa kesho. Shabiki aliyenunua gazeti alidhani anapata habari. Kwa kweli alikuwa akisoma barua ya familia.

Hiyo ndiyo dhambi ya kwanza ya kalamu, yaani kutukuza. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa Rockne tembo halikutiwa maji, maana alikuwa fundi wa kweli. Maji yaliingia kwa waliomfuata.

Tarehe 31 Machi 1931 Rockne alikufa katika ajali ya ndege karibu na kijiji cha Bazaar, jimbo la Kansas, akiwa safarini kwenda Los Angeles. Taifa zima lililia. Mwaka 1940 ikatengenezwa sinema ya maisha yake, ambamo kijana mmoja mwigizaji, Ronald Reagan, aliigiza mchezaji wake George Gipp, na jina hilo la utani likamfuata hadi Ikulu ya Marekani. Sasa fikiria wewe ndiwe unayeambiwa ukalie kiti cha mtu wa namna hiyo. Hunk Anderson, aliyekuwa msaidizi wake, alikaa misimu mitatu, akashinda 16, akapoteza 9, akatoka sare 2, akaondoka. Aliyefuata mwaka 1934 alikuwa Elmer Layden, mmoja wa wapanda farasi wale wanne. Kalamu ilimpandisha farasini akiwa mchezaji, na miaka 10 baadaye alikuwa kitini akiwa kocha.

Kuanzia hapo ukawekwa mzani ambao hautumiki kwa binadamu wa kawaida. Mwaka 1954 Notre Dame ilimchukua Terry Brennan, mwenye umri wa miaka 25 tu, kurithi kiti cha Frank Leahy aliyekuwa ametwaa ubingwa mara nne. Katika miaka mitano Brennan alishinda mechi 32 na kupoteza 18. Tarehe 16 Novemba 1957 vijana wake waliwafunga Oklahoma 7 kwa 0, na kuvunja mfululizo wa ushindi wa mechi 47 ambao haujafikiwa tena na chuo chochote kikubwa. Lakini msimu wa 1956 alikuwa ameshinda mechi 2 tu kati ya 10, na doa hilo halikufutika. Mwezi Desemba 1958, Krismasi ikiwa imekaribia, akaachishwa kazi.

Waandishi wakawaka moto. Waliandika kwa uchungu kwamba chuo cha mapadri kinachohubiri elimu na utu kimemtupa kijana mwenye familia wakati wa sikukuu kwa sababu hakushinda vya kutosha. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini mimi shabiki nauliza: huo mzani uliompima Brennan aliutengeneza nani? Nani aliyeandika kwa miaka 30 kwamba Notre Dame haishindwi? Mtu akijenga ghorofa kwa wino, asishangae kuona wapangaji wanaanguka dirishani. Na waliofuata hawakufanya vizuri zaidi. Joe Kuharich, kwa misimu minne, alishinda 17 na kupoteza 23. Ahueni ilikuja na Ara Parseghian mwaka 1964.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mpenzi wa kandanda atalishangaa. Kwa miaka mingi sana futiboli ya vyuo vikubwa haikuwa na fainali. Vyuo vilikuwa vingi, nchi ni pana, na kila timu ilicheza mechi chache. Basi bingwa alipatikanaje? Alipigiwa kura. Kuanzia mwaka 1936 shirika la habari la Associated Press lilikusanya kura za waandishi kila wiki, na timu iliyokuwa juu mwisho wa msimu ikaitwa bingwa wa taifa. Wa kwanza walikuwa Minnesota. Kuanzia 1950 makocha nao wakawa na kura yao kupitia shirika jingine. Kwa hiyo mwandishi hakuwa shahidi tu. Alikuwa hakimu.

Tarehe 19 Novemba 1966 Notre Dame na Michigan State, timu mbili bora za mwaka, zilitoka sare 10 kwa 10. Dakika za mwisho Parseghian aliamua kuulinda mpira badala ya kujaribu kushinda. Wengine walimzomea, lakini alikuwa amepiga hesabu zake vizuri: kura zilipohesabiwa, Notre Dame ndiyo iliyopewa ubingwa. Mwaka 1998 ulipoanzishwa utaratibu wa kupata fainali, kura ya waandishi iliingizwa katika hesabu zake, mpaka Desemba 2004 Associated Press yenyewe ilipotaka kura yake isitumiwe tena. Ilichukua miaka mingi kabla wenye kalamu kukubali kwamba mtu hawezi kuandika habari na kuamua matokeo yake kwa wakati mmoja.

Dhambi ya pili ya kalamu ni kusingizia, na mfano wake uliishia katika Mahakama Kuu ya nchi. Tarehe 22 Septemba 1962, mjini Birmingham, Alabama ya kocha Bear Bryant iliifunga Georgia 35 kwa 0. Mwezi Machi 1963 jarida la Saturday Evening Post likaandika kwamba mechi ile ilipangwa. Kwamba Wally Butts, aliyekuwa kocha wa Georgia tangu 1939 hadi 1960 na sasa mkurugenzi wa michezo wa chuo hicho, alimpa Bryant siri za timu yake kwa simu. Chanzo cha habari kilikuwa mtu mmoja wa Atlanta aliyesema laini za simu ziligongana, akasikia mazungumzo, akaandika aliyoyasikia.

Butts alikwenda mahakamani. Ikaonekana kwamba jarida halikufanya hata yale ya msingi. Halikuyakagua maandishi ya yule msikilizaji kabla ya kuchapisha, halikutazama filamu ya mechi kuona kama siri hizo zilitumika, na mwandishi aliyepewa kazi hakuwa mjuzi wa futiboli. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa Butts zaidi ya dola milioni 3; jaji akazipunguza hadi 460,000. Bryant alikubali kulipwa 300,000 nje ya mahakama. Tarehe 12 Juni 1967 Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha hukumu ya Butts kwa kura 5 dhidi ya 4, na kesi hiyo mpaka leo hufundishwa kwa wanafunzi wa sheria na wa uandishi wa habari. Maana yake kwa lugha yetu ni kwamba mtu mashuhuri lazima avumilie maneno mengi, lakini mwandishi mzembe kupita kiasi hawezi kujificha nyuma ya uhuru wa magazeti.

Lakini pamoja na hayo tusiichukie kalamu. Ikishika kazi yake, hufanya jambo ambalo mkurugenzi, mfadhili na shabiki wote hushindwa. Mwezi Desemba 2001 Notre Dame ilimtangaza kocha mpya, George O'Leary. Mwandishi mmoja wa gazeti la jimbo la New Hampshire alitaka kuandika makala ya furaha tu, kwamba mtu aliyewahi kucheza katika chuo cha jimbo letu leo amepata kazi kubwa. Akawatafuta waliocheza naye ili waseme neno. Hakuna aliyemkumbuka uwanjani. Maelezo yake yalisema alicheza miaka mitatu. Kumbukumbu za chuo hazikuonyesha kwamba aliwahi kucheza hata mechi moja. Ikaonekana pia kwamba shahada ya pili aliyoitaja hakuwa nayo. Siku 5 baada ya kutangazwa, akajiuzulu. Chuo chenye maprofesa na mawakili kilishindwa kuona lile ambalo mwandishi wa gazeti dogo aliliona kwa kupiga simu.

Aliyechukuliwa baada ya aibu hiyo alikuwa Tyrone Willingham, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa mchezo wowote katika Notre Dame. Msimu wake wa kwanza, 2002, alianza kwa kushinda mechi 8 mfululizo, na majarida yakamweka ukurasa wa mbele kama mkombozi. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Novemba 2004, aliondolewa akiwa na ushindi 21 na kushindwa 15, mkataba wake haujaisha. Rais wa chuo aliyekuwa anamaliza muda wake, Padri Edward Malloy, alisema hadharani kwamba aliona aibu kwa kitendo hicho. Wakati huo vyuo vya daraja la juu vilizidi 110, na makocha wakuu weusi walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, ingawa wachezaji weusi walijaa viwanjani.

Nafasi yake alipewa Charlie Weis. Kabla ya kumaliza hata msimu wake wa kwanza, chuo kikamwongezea mkataba wa miaka 10. Mwaka 2007 akashinda mechi 3 na kupoteza 9, mwaka 2009 akaondolewa, na chuo kikaendelea kumlipa kwa miaka. Jumla ilifika takriban dola milioni 19. Mmoja alinyimwa muda aliokuwa nao kwenye mkataba, mwingine akaongezewa ambao hakuuhitaji. Magazeti yaliyokuwa yamemwita Willingham mkombozi mwaka 2002, mwaka 2005 yalikuwa na mkombozi mwingine.

Na tukisema juu ya makocha weusi, tusimpite Eddie Robinson. Alianza kufundisha Grambling, chuo kidogo cha watu weusi katika jimbo la Louisiana, mwaka 1941, akastaafu mwaka 1997 akiwa na ushindi 408. Tarehe 5 Oktoba 1985 alimpita Bear Bryant mwenye 323. Kwa miaka mingi magazeti makubwa hayakuwa na nafasi kwa ajili yake. Waliomwandika walikuwa magazeti ya watu weusi, yakilishwa habari na ofisa habari wa chuo, Collie Nicholson, ambaye kwa mashine yake ya taipu na stempu za posta aliifanya Grambling ijulikane nchi nzima. Robinson hakuwahi kuwa kocha mkuu kwingine kokote. Mcheza kwao hutunzwa, ni kweli. Lakini yeye milango mingine haikufunguliwa hata kwa mtu wa ushindi 408.

Dhambi ya tatu ya kalamu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kunyamaza. Joe Paterno alikuwa kocha wa Penn State tangu 1966. Kwa miaka zaidi ya 40 waandishi walimsifu kwa ushindi na kwa maadili. Mwaka 1986 jarida la Sports Illustrated lilimtangaza mwanamichezo wa mwaka. Sanamu yake ilisimama nje ya uwanja. Mwezi Machi 2011 gazeti la Patriot-News la Harrisburg likaandika kwamba baraza la uchunguzi la mahakama linamchunguza Jerry Sandusky, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi, kwa tuhuma za kuwadhulumu watoto wa kiume kingono. Aliyeandika hakuwa mwandishi wa michezo. Alikuwa Sara Ganim, mwanamke kijana aliyeandika habari za polisi na mahakama. Kundi lote la waliozoea kuketi meza moja na kocha halikuwa na habari hiyo, na hata ilipochapishwa, kwa miezi kadhaa nchi haikuitilia maanani.

Novemba 2011 mashtaka yakafunguliwa. Usiku wa tarehe 9 bodi ya chuo ikamwondoa Paterno kwa simu. Maelfu ya wanafunzi waliingia mitaani, wakapindua gari la kituo cha televisheni. Ndugu msikilizaji, lifikirie jambo hilo. Watoto wameumizwa, na kundi la mashabiki linaadhibu gari la waliotangaza. Paterno hakushtakiwa mahakamani, na alifariki dunia Januari 2012. Mwaka huohuo Ganim na wenzake wakapata tuzo ya Pulitzer, Sandusky akapatikana na hatia kwa makosa 45, na sanamu ikaondolewa.

Sisi mashabiki tusijitoe katika hesabu hiyo. Waandishi wa michezo walitukuza kwa sababu tulinunua utukufu, na walinyamaza kwa sababu tungewazomea wangesema. Gazeti linalomkosoa kocha anayeshinda tunaliita adui wa timu. Akishindwa mechi tatu, gazeti hilohilo tunalilaumu kwa nini halikumtimua mapema.

Na wakati sisi tunabishana, kuna watu ambao hawaulizwi, nao ni wachezaji. Mwishoni mwa Novemba 2021 kocha wa Notre Dame, Brian Kelly, aliiacha timu iliyokuwa imeshinda mechi 11 kati ya 12 na bado ikiwa na matumaini ya kugombea ubingwa. Alikwenda LSU, Louisiana, kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 95. Habari zilivuja kwa waandishi kabla hajaonana na vijana wake. Aliagana nao asubuhi iliyofuata kwa mkutano mfupi. Oktoba 2025 LSU nao wakamwondoa, msimu wake wa nne haujaisha.

Kocha alikuwa huru siku zote kuhama hivyo. Mchezaji je? Kwa miongo mingi, kijana wa futiboli aliyehama chuo alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza, hata kama kocha aliyemwita na kumwahidi mambo alikwisha kuondoka zamani. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2021 tu. Mwaka huohuo ndipo wachezaji waliporuhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, na kuanzia Julai 2025 ndipo vyuo vilipoweza kuwalipa moja kwa moja. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hizo zilikuwa vijana wa miaka 19 na 20.

Safari hii, hata hivyo, nyasi zilisema. Wachezaji wa Notre Dame walionyesha wazi kwamba wanamtaka Marcus Freeman, msaidizi wa umri wa miaka 35. Chuo kikawasikiliza. Tarehe 20 Januari 2025 Freeman alikuwa kocha mweusi wa kwanza kuifikisha timu katika fainali ya taifa. Alifungwa na Ohio State 34 kwa 23. Lakini alifika, miaka 20 baada ya Willingham kutolewa katika kiti kilekile.

Basi nimalizie kwa ushauri wa shabiki kwa mashabiki. Unaposoma ukurasa wa michezo kwamba kocha fulani ni nabii, au kocha fulani hafai kitu, jiulize maswali matatu. Aliyeandika anakula meza ya nani? Nani angepaswa kuulizwa na hakuulizwa? Na kocha akiondoka na mamilioni yake, ni nani atakayebaki na hasara? Mwandishi anayekujibu maswali hayo, nunua gazeti lake hata kama amekuudhi. Asiyekujibu, msome kwa burudani, ukijua kwamba umenunua hadithi ya farasi wanne.